Mguu Ulivimba, Tukaanzia Shingoni

Mguu wangu wa kushoto una mistari ishirini na miwili midogo ya wembe, kuanzia chini ya goti hadi kwenye kifundo. Mtu akiiona nikiwa nimekunja suruali huniuliza kama nilianguka na pikipiki. Humwambia hapana, nilichanjwa na mtu anayenipenda kuliko wote walio hai, na nusura nikatwe mguu kwa hilo. Naandika leo kwa sababu mguu bado ninao, na kwa sababu najua kuna mtu mahali ameketi ukingoni mwa kitanda, anautazama wake ukijaa, na kila anayeingia mlangoni ana dawa yake.

Jina langu ni Javan. Shule niliiacha darasa la saba, wala si kwa kukosa karo. Nilitaka kujua malori yaliyopita mbele ya dirisha letu yalikuwa yanaenda wapi, kwa hiyo nikapanda moja. Tangu hapo nimechuma majani ya chai Kericho, nimechunga ngamia wa watu Isiolo, nimepachika mabango ya matangazo juu ya majumba ya katikati ya jiji, nimezibua mitaro Kawangware, nimemwaga lami barabarani. Sikuwahi kukaa mahali pamoja miaka miwili. Nikichoka nilirudi kwa dada yangu Rispa, fundi wa nguo huko Waithaka, nikalala nyuma ya cherehani zake hadi miguu iniwashe tena.

Lami ndiyo iliyonidanganya. Doa jeusi lilipotokea chini ya kisigino nilijua ni lami, kwa sababu siku hizo kila kitu changu kilikuwa na lami, hata sahani. Nililisugua kwa mafuta ya taa. Halikutoka, nikalisahau. Lilipoanza kutoa damu, ni Rispa aliyeiona soksi nikiwa nimeianika. Alinivua kiatu kwa nguvu, akatazama, akafunga duka mchana kweupe.

Ilikuwa saratani ya ngozi. Mvua ndefu zilikuwa zimeanza walipolikata doa lile, na wiki chache baadaye wakafungua kinena cha kushoto wakatoa tezi zilizokuwa zimefikiwa. Nilimuuliza nesi tezi ni nini. Hospitalini nilimuuliza kila mtu kila kitu. Akaniambia ni vituo vinavyochuja maji ya mwili yanapopanda kutoka mguuni.

"Sasa mkivitoa, maji yatapita wapi?"

Akanitazama kidogo. "Yatatafuta njia," akasema, akamwendea mgonjwa mwingine.

Hayakuipata. Julai, kwenye baridi ile ya ukungu, kovu la kinena likiwa limeshafunga vizuri, mguu ulianza. Kwanza alama ya soksi ilikataa kuondoka. Kisha kiatu kikakataa kuingia. Nikibonyeza juu ya wayo, kidole kiliacha shimo, na shimo lilibaki pale hadi nimalize kikombe cha chai. Kufikia mwezi wa tisa Rispa alikuwa amefumua mshono wa kushoto wa suruali zangu zote na kuongeza vitambaa, na paja lilikuwa zito kama gunia la mchanga lililonyeshewa. Haukuuma. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Swali lilikuwa moja tu, imerudi? Rispa alikuwa nalo pia. Hatukulisema. Tulizungumza kuhusu suruali.

Siku ya kupigwa picha kule Upper Hill tulikaa kwenye benchi refu la mbao. Anayeitwa huondoka upande wa mlango, na sisi wengine tunasogea kwa makalio, nafasi moja moja. Mijakaranda ilikuwa imechanua nje, na kila aliyeingia alileta ua la zambarau chini ya kiatu chake. Niliyahesabu maua yale sakafuni. Rispa alishika bahasha ya kadi zangu kwa mikono miwili tangu asubuhi hadi saa nane, kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa wenyewe. Kwanza walitafuta damu iliyoganda kwenye mishipa, kwa sababu hiyo nayo huvimbisha mguu mmoja na inaweza kuua. Kisha wakatafuta saratani.

"Damu iliyoganda sijaiona," daktari alisema. "Saratani sijaiona. Haya ni maji yaliyokosa njia, tunayaita limfu."

"Yataisha?"

"Hayaishi kabisa. Yanaweza kupunguzwa, na mguu ukabaki wa kufanya kazi. Ukiuacha utaendelea kukua, na ngozi itakuwa ngumu kama gome." Akaandika karatasi ya kunipeleka Parklands, kwa mtaalamu wa kukanda.

Tulipofika nje Rispa akasoma karatasi mara mbili. "Masaji? Sisi tumefunga tukaomba, na hawa wanakupeleka masaji?"

"Pengine kuna wasichana na muziki."

"Funga mdomo, Javan." Lakini alikuwa analia na kucheka, na mimi pia.

Kliniki ilikuwa ghorofa ya pili ya jengo la makazi, karibu na hekalu ambalo kengele yake ilisikika hadi ndani. Chumba cha kungojea kilikuwa na viti sita. Kando yangu aliketi mama mmoja mnene aliyevaa soksi ya kubana mkononi, rangi ya udongo.

"Mimi ni titi," aliniambia bila salamu. "Walitoa titi na tezi za kwapa, mkono ukafura miaka miwili baadaye. Wewe?"

"Kisigino."

"Kisigino? Na kikakufikisha hapa?"

"Mimi hufika kila mahali, mama."

Alicheka hadi soksi ikateremka. Kisha akaitwa mzee aliyevimba miguu yote miwili sawasawa, aliyekuwa akihema hata akiwa ameketi. Hakukaa ndani. Mtaalamu alimbonyeza miguu, akamsikiliza pumzi, akamrudisha na barua ya daktari wa moyo. Nilipoingia nilimuuliza kwa nini amemfukuza.

"Sijamfukuza. Moyo wake umechoka. Nikimsukumia yale maji yote kwa mara moja, utazidiwa. Hii kazi si ya kila uvimbe."

Aliitwa Nyambura, mwanamke mfupi wa makamo, kucha zimekatwa hadi nyamani. Nilimwita daktari, akasema yeye si daktari, ni mtaalamu wa viungo, nimwite jina. Akanilaza chali. Nikamnyoshea mguu. Hakuugusa. Aliweka vidole juu ya mifupa ya bega, pale kwenye mabonde mawili chini ya shingo, akaanza kuivuta ngozi polepole na kuiachilia.

Nilivumilia kidogo. "Samahani, mguu uko huku chini."

"Najua uliko."

"Sasa shingo imekosa nini?"

"Wewe umefanya kazi gani?"

Nikamtajia nyingi, na nilipofika kwenye mitaro ya Kawangware akanisimamisha. "Mtaro ukiziba, maji machafu yamejaa mlangoni kwa mtu, ulikuwa unaanza kuchimbua wapi?"

Mtu mgeni katika kazi ile huanza pale maji yalipojaa, kwa sababu ndipo mwenye nyumba anapopigia kelele. Anachota, anasukuma, na maji yanamrudia. Aliyezoea hushuka hadi mwisho, kule mtaro unakomwagika, anaondoa takataka za kule, anarudi nyuma hatua kwa hatua. Ukifika mlangoni maji yanaondoka yenyewe.

"Mwisho wa mtaro uko shingoni," nilisema.

"Maji yote ya limfu yanaingia kwenye damu hapa, chini ya shingo. Nafungua hapa. Kisha tumbo, unapumua nalo. Kisha kwapa la kushoto, kwa sababu njia ya kinena imekatwa, na maji yako tutayafundisha kupanda ubavuni hadi kwapani. Halafu paja. Wayo ni wa mwisho."

Hivyo ndivyo inavyofanya kazi, na sijawahi kuhitaji maelezo marefu zaidi. Kilichonishangaza ni wepesi. Nimekandwa mara nyingi maishani, na kwetu mtu asipolia husema hakukandwa. Nyambura hakutumia mafuta, kwa sababu hakutaka mkono uteleze. Aliishika ngozi peke yake, akaivuta kama nusu ya duara, akaiacha irudi. Alisema njia za maji hayo ziko juu juu, chini kidogo tu ya ngozi, na ukibonyeza kwa nguvu unazifunga. Baada ya hapo alinifunga bendeji tabaka tatu, kutoka vidoleni hadi kwenye nyonga, akaniambia nitembee nazo, kwa sababu nyama za mguu zikicheza ndani ya bendeji ndizo pampu.

Kisha akanipa masharti, na haya yashike kuliko yote niliyoandika. Usitembee peku. Usitie mguu maji ya moto. Ngozi ipakwe mafuta kila siku isipasuke. Usichomwe wala usikatwe kitu chochote kwenye mguu huo, hata mwiba utolewe kwa uangalifu. Ukiwa mwekundu, au ukihisi joto na baridi, kukanda kunakoma hapo hapo na unaenda hospitali siku hiyo hiyo.

"Mpaka lini?" nilimuuliza.

"Mpaka lini nini?"

"Haya yote. Bendeji."

"Maisha yako yote, Javan. Baadaye itakuwa soksi ya kubana, ni rahisi kidogo."

Niliteremka ngazi zile kama mtu aliyehukumiwa. Tangu nipande lori la kwanza sikuwa na kitu cha kufanya kila siku mahali pamoja. Sasa asubuhi nzima ilikuwa shingo, tumbo, kwapa, paja, na saa nzima ya kufunga bendeji. Ningezifunga wapi nikiwa Isiolo na ngamia?

Lakini mguu ulishuka. Kila Jumapili baada ya kanisa Rispa alichukua tepu yake ya kupimia nguo, akanipima sehemu tano zile zile, akaandika kwenye daftari la vipimo vya wateja, kati ya sketi ya fulani na koti la fulani. Mvua fupi zilipoisha paja lilikuwa limepungua inchi mbili. Kifundo kilianza kuonekana. Kisha kwa wiki tatu vipimo havikusogea hata kidogo, na ndipo Senje alipokuja.

Senje ni dada ya marehemu baba. Mama alipofariki alitulea mimi na Rispa nyumbani kwake huko Vihiga, na kila nguo niliyovaa utotoni aliifua yeye. Rispa alikuwa amempigia simu aje aniombee. Alifika na kuku, unga wa wimbi na mfuko mdogo wa turubai ambao niliujua tangu utotoni. Ndani mlikuwa na pembe ya ng'ombe na nyembe.

Kwetu, mguu mmoja ukivimba bila kuuma, watu hawasemi ni ugonjwa. Wanasema umekanyaga. Mtu amefukia kitu njiani kwa jina lako, na wewe umepita juu yake. Kitu hicho kimeingia na lazima kitolewe mahali pale pale kilipoingilia. Wanachanja kwa wembe, wanaweka pembe, wanavuta. Senje aliifanya kazi hiyo miaka mingi. Hata wazee wa kanisa walimjia, kwa mlango wa nyuma.

Alinikuta nyumbani peke yangu, Rispa akiwa dukani. Alifungua bendeji mwenyewe, polepole, akiziviringisha vizuri. Akautazama mguu.

"Wewe baba, umetembea sana," alisema. "Na mtu anayetembea sana, hajui amekanyaga ya nani."

"Senje, hospitali wamesema ni maji."

"Sijakataa ni maji. Nauliza nani ameyafunga."

"Ni tezi, walizitoa."

"Na huyo mama wa Parklands anakupapasa tangu lini?"

"Mwezi wa kumi."

"Na ataacha lini?"

Hakuna swali jingine ambalo lingenishika pale. Nilisema haachi. Senje akatikisa kichwa, akasema hii yake ni mara moja, leo, na wiki ijayo nitakuwa nimevaa viatu vyangu.

Sitasema alinilazimisha. Nilijua masharti yote ya Nyambura kwa kichwa. Nilikubali kwa sababu nilitaka kuvaa viatu vyangu, na kwa sababu ya kitu kingine ambacho ni vigumu kukikiri. Nilitaka kuona kitakachotoka. Nimefungua redio, saa, pampu za maji na mzinga wa nyuki kwa sababu hiyo hiyo.

Alichanja haraka na kwa ustadi, akinong'ona maombi, jina la Yesu kwa kila mstari. Damu haikutoka sana. Kilichotoka ni maji, maangavu yenye unjano kidogo kama mafuta ya kupikia, yakatiririka hadi kwenye beseni na hayakukoma. Senje aliondoa pembe. Alikuwa amengoja damu nyeusi.

"Hii si damu," alisema.

"Nilikwambia ni maji."

Kisha akapaka majivu na majani yaliyopondwa, akanifunga kitambaa, na Rispa aliporudi tukamwambia nimepumzishwa bendeji. Kwa siku mbili mguu ulionekana mwepesi. Senje aliimba akipika.

Siku ya tatu, saa sita mchana, jua likiwa kali, nilianza kutetemeka. Meno yaligongana hadi nikashindwa kushika kikombe. Rispa aliitwa kutoka dukani. Akafungua kitambaa. Mguu ulikuwa mwekundu wa kung'aa hadi gotini, una joto la jiko, na kila mstari wa wembe ulikuwa na mdomo wake. Alitoka nje kutafuta gari, na nikasikia akimwambia jirani, "Nisaidie, tafadhali, ndugu yangu anakufa," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaomba chumvi.

Wodini nesi alichukua kalamu akachora mstari kuzunguka mguu, sentimita chache juu ya ule wekundu. "Huu ndio mpaka," alisema. "Wekundu ukivuka, niite. Hata kama ni upana wa kidole."

Daktari aliniambia ukweli kwa sababu nilimuuliza. Viini vya ugonjwa vilikuwa vimeingia kwenye mguu ambao hauna askari wake, maana tezi ndizo zingevizuia, na zimetolewa. Walikuwa wameanza dawa ya mshipani. Ikishindwa wangefungua mguu. "Na nikifungua," alisema, "siwezi kukuahidi mguu wenyewe."

Mtu akisoma haya akiwa mzima atadhani nilifikiria kifo. Nilitazama mstari. Chai ya jioni ilipoletwa wekundu ulikuwa umeufikia. Kabla hawajakusanya vikombe ulikuwa umevuka. Niliita. Nesi alikuja, akachora mwingine juu zaidi, katikati ya paja, na daktari akabadilisha dawa. Kesho yake nzima nililala nimeinua shuka, macho kwenye mstari wa pili. Uji, mstari. Chakula cha mchana, mstari. Upana wa vidole viwili ulikuwa umebaki.

Saa ya kuona wagonjwa walikuja wote wawili, na mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo niliwasikia kwenye ukumbi.

"Nilikuita umwombee," Rispa alisema. "Sikukuita umchanje."

"Nimechanja watu kabla wewe hujazaliwa."

"Na wangapi walikufa?"

Nikasikia Senje akiketi kwenye benchi.

"Nakuuliza, Senje. Ukishawachanja wanarudi kwao. Wangapi walikufa huko?"

Rispa aliingia peke yake, akaketi, akautazama mstari pamoja nami. Kupitia mlangoni nilimwona Senje kwenye benchi, amevua kitambaa cha kichwa na kukikunja, anakikunja tena, hadi kikawa kidogo kama kiberiti.

Wekundu ulisimama vidole viwili chini ya mstari wa pili. Siku iliyofuata ulirudi nyuma kidogo. Nilimwita nesi aje auone, akaja mbio akidhani umevuka, akanikaripia, kisha akabaki amesimama pale akitabasamu. Mwanamke yule alikuwa na wagonjwa arobaini. Sitaisahau dakika aliyonipa.

Nilikaa wodini hadi mistari yote ya kalamu ikafutika kwa kuoshwa. Nyumbani mambo yalikuwa magumu kuliko wodini. Mguu ulikuwa umerudi ukubwa wake wa zamani, na zaidi. Rispa na Senje waliishi vyumba viwili bila kusemezana. Rispa aliniambia mimi, "Mwambie chakula kiko tayari," na Senje akiwa amesimama hapo. Nilimsihi Senje arudi nyumbani apumzike. Akakataa. Akasema hawezi kuniacha nikiwa nimeharibika mikononi mwake.

Nyambura hakukubali kunigusa hadi daktari aandike kwamba viini vimekwisha. Siku niliyorudi aliitazama mistari ishirini na miwili, akaihesabu kwa macho.

"Nani?"

"Ni mimi," Senje alisema. Alikuwa amenisindikiza kwa lazima, amevaa nguo za kanisani.

Nyambura alinawa mikono muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akaniambia kwamba mguu umepoteza miezi mitatu, na kwamba nyumbani nitahitaji mtu wa kunifanyia sehemu nisizofikia, nyuma ya goti na nyuma ya paja, kila siku bila kukosa. Dada yangu alikuwa na duka. Nilikuwa na nani?

"Nifundishe mimi," Senje alisema.

"Wewe?"

"Mikono hii ndiyo ilimharibu. Itakaa bure?"

Nyambura alimtazama, akamsogezea kiti. Somo la kwanza lilikuwa balaa. Senje alitoa chupa ya mafuta kwenye mkoba, akaambiwa arudishe. Akaniwekea mikono pajani, mikono ya mtu aliyekanda wanawake waliojifungua kwa miaka thelathini, nami nikaruka.

"Unasukuma, mama."

"Sijasukuma. Nimeweka tu."

"Punguza."

"Nimepunguza."

"Punguza tena."

"Nikipunguza tena si nitakuwa nimemwacha? Hii sasa ni kazi ama ni kumpungia nzi?"

Nilicheka. Nyambura hakucheka. Alivuta kiti karibu. "Mama, umewahi kuosha mtoto mchanga?"

"Nimeosha wa kijiji kizima."

"Ukifika utosini, unaoshaje?"

Mikono ya Senje iliinuka kutoka kwenye paja langu, ikakaa hewani kidogo, kisha ikashuka tena. Na safari hii niliihisi vile nilivyohisi ya Nyambura. Ngozi ilivutwa, ikaachiliwa. Hapakuwa na kitu kingine.

"Hivyo," Nyambura alisema. "Sasa usibadilishe hapo mpaka nikwambie."

Tulianza upya. Kila asubuhi, Rispa akishatoka, Senje alinilaza mkekani. Shingo kwanza. Tumbo. Kwapa. Alihesabu kwa Kiluhya, polepole, na alipohisi mkono wake unataka kukanda alisema peke yake, "Utosi," akaanza tena. Kufunga bendeji alinishinda hata mimi. Alikuwa amefunga matumbo ya waliojifungua maisha yake yote. Jumapili Rispa alipima na kuniambia mimi tarakimu. Wiki ya sita alipima paja, akapima tena, akainua macho akamtazama Senje moja kwa moja.

"Imeshuka inchi moja na nusu," alimwambia.

"Imeshuka?"

"Njoo ushike hapa uone."

Senje akaja akashika mwisho mmoja wa tepu. Hawakuombana msamaha, si watu wa namna hiyo. Lakini siku hiyo chakula kilipokuwa tayari Rispa alimwita mwenyewe.

Mvua ndefu zilipokuja tena nilihamia kwenye soksi ya kubana, ndefu hadi pajani, rangi ya udongo kama ya yule mama wa kliniki. Sijapona. Mguu wa kushoto bado ni mkubwa kuliko wa kulia, na nikisimama kutwa nzima hujaa. Picha za saratani narudia kila baada ya miezi kadhaa, na benchi lile la mbao halijawahi kuwa laini. Lakini natembea. Nimeenda Isiolo na kurudi, nikiwa na soksi mbili begini, na asubuhi nilijilaza kwenye mchanga nikaanza shingoni, na mwenye ngamia akadhani ni ibada.

Siku Senje aliporudi Vihiga alifungua mfuko wa turubai mbele yangu. Nyembe alizitupa chooni, pembe akaiacha ndani. Akafunga mfuko.

"Lile swali la Rispa," alisema. "Nimejaribu kuhesabu. Siwezi. Walikuwa wanarudi kwao."

Nilimbebea mzigo hadi stendi.

Mwezi uliopita, saa nne asubuhi, alinipigia simu. Nyuma yake nilisikia watu wengi na mtoto akikohoa.

"Javan, kuna mama ameletwa hapa kwangu. Alitolewa titi mwaka jana. Mkono umefura kama wako. Wanataka nichanje, nimekataa. Nimesema najua nyingine. Nianzie shingo ya upande gani?"

Nilikuwa kwenye ngazi za duka la Rispa. Nilisimama.

"Senje, mkono una rangi gani?"

"Rangi ya mkono."

"Angalia vizuri. Kwenye mwanga."

Nikasikia akiwasogeza watu mlangoni.

"Una wekundu kidogo. Huku karibu na kiwiko."

"Mshike paji la uso."

Rispa alikuwa ametoka na tepu shingoni, ananitazama.

"Ana joto," Senje alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Basi usianze popote. Toa mikono. Chukueni kalamu mchore pale wekundu unapoishia, na apelekwe hospitali sasa hivi, si kesho."

Nilingoja. Maishani mwake mwote Senje hajawahi kupokea amri kutoka kwa mtoto aliyemlea.

"Nimeitoa," alisema. Kisha nikamsikia akiwaambia watu, kwa sauti yake ile ya zamani, nani ana pikipiki, na nani ana kalamu.